Kifungo Chekundu, Kifungo cha Bluu

Watu wakiniuliza, "Unawatofautishaje hawa?" huwa nacheka kwa madaha na kuwajibu kwamba mama hakosei. Uongo mtupu. Mimi ni fundi cherehani, na wanangu mapacha nawatambua kwa vifungo. Kila nguo ya Bosi ina kifungo chekundu nyuma ya shingo, na kila nguo ya Mgeni ina cha bluu. Hata kuogesha naogesha mmoja mmoja, mwenzake akiwa amevaa. Bosi alizaliwa akipiga kelele kama anayedai apishwe. Mgeni akafuata dakika kumi baadaye, kimya, kama mtu anayebisha hodi. Tangu siku hiyo wote wanapiga kelele sawasawa, na sura ni ile ile.

Aibu hiyo niliibeba miezi minne bila kumwambia mtu. Mama gani asiyezijua sura za wanawe? Nilikuwa sitoki ila kwenda kliniki, nikiogopa nitaumbuka mbele za watu.

Jumamosi moja mchana baba watoto alinishika mkono akanitoa kwenye cherehani.

"Leo tunakula nje, wote wanne. Sitaki kusikia habari za pindo la mtu."

Yeye ni fundi bomba, na masinki ya mgahawa aliotupeleka aliyafunga mwenyewe, kwa hiyo aliingia kifua mbele kama mwenye mali. Mhudumu alitupa meza ya pembeni, akaunganisha viti viwili ili watoto walale. Niliagiza kuku na viazi. Nilikuwa na njaa ya mtu aliyekula amesimama miezi minne mfululizo.

Kabla chakula hakijafika, Bosi alicheua maziwa yakamfikia mpaka mwenzake. Wote wakalowa. Nikainuka, baba watoto akanizuia.

"Kaa chini. Leo zamu yangu. Sinki la humu nalijua kuliko wenye mgahawa."

Akawabeba, mmoja huku, mwingine huku, begi begani. Nikabaki na glasi ya maji baridi na mikono mitupu, na sitaficha, nilifurahi sana.

Alirudi ametabasamu mpaka gego la mwisho. Watoto walikuwa safi, wanang'aa, wamevaa zile nguo nyeupe alizowaletea wifi yangu. Nguo mpya kabisa. Sikuwa nimezishonea kitu.

"Yupi Bosi?" nikauliza.

"Huyu." Akamtazama wa pili. "Au... Niliwavua wote pamoja ili niwaoshe haraka. Lakini wewe si unawajua?"

Niliwatazama. Nikatafuta alama yoyote, nikakosa. Machozi yakanitoka pale pale, mbele ya chumvi na vijiti vya meno.

"Siwajui," nikasema. "Sijawahi kuwajua. Ni vifungo tu."

"Mimi nilidhani vifungo ulivishona kwa ajili yangu," akasema polepole.

Hakucheka. Angecheka, ningemrushia glasi.

Watoto wakaanza kulilia kunyonya, wote kwa pamoja, na watu wa meza za jirani wakageuka. Nikajifunika mtandio, nikawapakata wote wawili kama muuguzi alivyonifundisha wodini: kila mtoto na upande wake, usibadilishe, usije ukamnyonyesha mmoja mara mbili. Bosi kushoto, Mgeni kulia. Leo niliwaweka kwa kubahatisha.

Wakakataa. Wa kushoto alikaza shingo akageuza uso. Wa kulia akanisukuma kwa ngumi. Nikajisemea, basi, hata wao wameshanigundua.

"Wabadilishe," baba watoto akasema.

"Nini?"

"Wabadilishe pande. Umefunga bomba la moto kwenye baridi."

Tukawabadilisha chini ya mtandio, vurugu tupu, kijiko kikaanguka. Kisha kimya. Bosi alipofika kushoto kwake alifumba macho. Mgeni akaweka kiganja chake pale anapokiweka kila siku, karibu na bega langu.

Nililia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine. Muda wote huo nilikuwa nahitaji kifungo, na wao walikuwa wananijua mpaka upande.

Kuku alipokuja, mikono yangu yote ilikuwa na kazi. Baba watoto akamkata vipande vidogo, akapuliza, akanilisha mbele ya watu wote.

"Fungua mdomo, mama Bosi."

Nikatafuna. Nikaufunua mtandio kidogo, nikawatazama bila haraka, mmoja kisha mwingine. Mgeni akinyonya hukunja unyusi mmoja. Bosi hakunji. Miezi minne, na macho yangu yalikuwa yanaishia kwenye kola.