Kidole Kilichosimama

Mkalimani alisimama juu ya kipande cha utepe kilichobandikwa sakafuni, blauzi nyeusi imemganda mgongoni. Kiti hapewi. Kinachotakiwa ni mikono yake, ionekane kwenye kisanduku cha pembeni mwa skrini ili viziwi wafuate mjadala: je, Siku ya Utulivu iendelee kuwa sikukuu ya taifa?

"Kila wakitaja Siku ya Utulivu, wewe fanya alama ya kupumzika," mtayarishaji alikuwa amemwonya. "Viganja kifuani, basi. Ya mtaani yaache mtaani, dada yangu."

Mwaka jana alitii. Aliporudi nyumbani na kuanza kumsimulia mama yake jinsi siku ilivyokwenda, mama akafumba macho. Kwa kiziwi, kufumba macho ni kumfungia mtu mlango usoni.

Taa ziliwaka. Msemaji wa serikali alikuwa na sauti ya kubembelezea mtoto alale.

"Ndugu watazamaji, siku ile kulitokea sintofahamu. Vyombo vya usalama vikarejesha utulivu. Leo wachache wanataka kukwangua kidonda kilichokwisha kupona. Tuwarithishe watoto wetu chuki, au shukrani?"

"Watu waliouawa sokoni..." alianza wakili wa upande wa pili.

"Waliotutangulia," mtangazaji alimrekebisha huku akitabasamu. "Lugha ya staha, wakili."

Sintofahamu! Siku ile sokoni askari walipiga kelele: laleni chini! Waliosikia walilala. Baba yake mkalimani, fundi viatu, kiziwi, alibaki amesimama na kiatu cha mteja mkononi, akishangaa kwa nini soko zima limelala. Wakamlaza wao.

Viziwi hawajawahi kuiita siku hiyo Utulivu. Wana alama yao: kidole kimoja kinasimama wima juu ya kiganja, kinapigwa, kinaanguka.

"Siku ya Utulivu ni yetu sote," alisema msemaji.

Mkalimani akasimamisha kidole. Akakipiga. Kikaanguka. Na kila jina lile lilipotajwa alikiangusha tena, na msemaji alilipenda jina lile kama mtoto apendavyo peremende.

Matangazo ya biashara yalipoingia, mtayarishaji alimjia mbio, simu sikioni. "Ndiyo, mheshimiwa... tunamshughulikia." Akaikata. "Wewe mwanamke, unataka kituo kifungiwe? Wizarani kuna mtu anayeisoma hiyo mikono yako!"

"Afadhali. Kuna aliyeelewa."

"Usinifanyie mzaha! Tukirudi hewani utaomba radhi, kwa mdomo na kwa mikono. Useme ulichanganyikiwa. La sivyo, kesho usikanyage hapa."

"Na aliyesema sintofahamu, ataomba lini?"

Msemaji, akipakwa poda kwenye paji la uso, alicheka kwa upole. "Msimkaripie, ana uchungu. Binti yangu, hata marehemu wako angependa yaishe."

"Marehemu wangu ni baba. Yeye alikuwa hasikii. Wewe unasikia."

Aliyekuwa akimpaka poda akasita, sponji hewani.

Kwenye skrini ya studio kisanduku chake kilikuwa kimeondolewa. Mahali pake palichanua ua la rangi za bendera: Heri ya Siku ya Utulivu.

"Tunarudi hewani sasa hivi!" fundi mitambo alipaza sauti. "Kisanduku nikirudishe?"

"Muulize yeye," mtayarishaji alisema.

Mkalimani aliigeukia kamera iliyozimwa. Alisema kwa mdomo, na mikono ikasema naye, ingawa hapakuwa na wa kuiona:

"Sikukosea. Siombi radhi."