Gita la Tatu

Watu wa Kitengela wanampenda sana baba yangu. Hata mimi ningempenda kama ningekuwa mteja.

Fundi Maweu, wanasema, ni mtu wa neno lake. Nyuma ya nyumba yetu ana karakana ya mabati, na humo hutengeneza magita ya nyuzi za nailoni, yale ya kuchezwa kwa vidole, bila umeme na bila haraka. Kazi ya mbao alijifunza kwa mjomba wake Musila kule Wamunyu, akachonga twiga na vifaru mpaka akachoka kuwatazama. Siku moja padri wa Kajiado akamletea gita lililopasuka. Baba alilifungua alirekebishe, akaona ndani yake, na tangu hapo hakuchonga mnyama tena.

Kwa Mjomba Musila alitoka na sheria moja: kitu ambacho mteja amekichagua hakiondolewi mezani. Fundi anayeficha kazi yake ikishachaguliwa, mkono wake hupoteza baraka. Baba akaongeza sheria yake mwenyewe. Gita halichaguliwi kwa macho, maana macho hupenda vanishi. Mteja anakalishwa kwenye stuli, uso ukutani, na nyuma yake magita matatu yanachezwa wimbo uleule. Lazima yawe matatu. Mtu akisikia mawili tu, baba husema, atachagua la pili kwa sababu ameshasahau la kwanza.

Aliyecheza nilikuwa mimi, Mwongeli, bintiye wa pekee.

Nilipomaliza kidato cha nne alinitengenezea gita langu. Uso wake aliukata kutoka kwenye piano la kale lililookotwa katika nyumba ya mlowezi mmoja, piano ambalo mchwa walikuwa wamelila lote wakabakiza ubao wa kutosha gita moja. Shingo ilitoka kwenye nguzo ya mutarakwa, yaani mwerezi, ya boma la rafiki yake Kasaine wa Ewuaso Kedong, iliyokauka juani tangu Kasaine hajatahiriwa. Mgongo na mbavu ni mvule wa mlango wa kanisa lililobomolewa. Baba aliligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Hii ni yako," akasema. "Hii haiendi mahali." Mwezi wa pili nilikuwa niende nalo Nairobi, kwenye mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Nililala nalo chumbani kama watu wanavyolala na mtoto mchanga.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Udongo mweusi wa Kitengela ukawa uji, na unyevu ukaingia hata kwenye chumvi. Gundi ikaachia. Magita yaliyokuwa yakining'inia karakanani yakafunguka migongo moja baada ya jingine, yakabaki mawili mazima.

Wakati huohuo ndipo akaja Njuguna, mwenye mashamba wa Nkoroi, na gambuti zake zimejaa matope. Alitaka gita la binti yake Nyakio. Baba aliyatazama yale mawili, akaingia nyumbani nilikokuwa nikifanya mazoezi.

"Nipe hiyo kidogo."

"Ya nini, Nau?" Sisi Wakamba baba tunamwita Nau.

"Ya kujazia tu. Ziko mbili."

"Na akiichagua?"

Akacheka. "Si ni wewe unacheza?"

Nilimwelewa. Tulikuwa tumekula njama, mimi na baba yangu, na nilitoka na gita langu nikiwa na furaha ya kijinga.

Njuguna akakalia stuli, akautazama ukuta wa mabati. Nililicheza la kwanza vizuri kabisa. La pili vizuri pia. La tatu, langu, nililipapasa kwa nyama ya vidole badala ya kucha, karibu na daraja linaloshikilia nyuzi, pale ambapo nyuzi hulia nyembamba bila tumbo. Nililisikitikia nikilifanyia hivyo.

"Ya kwanza," Njuguna akasema. "Hiyo iko sawa."

Nikashusha pumzi. Baba alikuwa amesimama na randa mkononi.

"Na ya tatu umeisikiaje?" akauliza.

"Usikasirike, mzee. Hiyo ya tatu ni mkebe."

Njuguna alicheka. Baba hakucheka. Miaka yote watu walikuwa wakimwambia kwamba gita ni la Uhispania, kwamba Mkamba achonge twiga wake awaachie wazungu muziki. Na sasa kazi yake bora kuliko zote ilikuwa imeitwa mkebe ndani ya karakana yake.

"Mwongeli, rudia hiyo ya tatu."

"Nau, mteja ameshachagua."

"Nimesema rudia. Cheza vile unajua."

Nilimtazama anitazame. Hakunitazama, alilitazama gita. Ningeliharibu tena, angeninyang'anya alicheze mwenyewe, kwa sababu nyimbo mbili tatu alizijua. Basi nikacheza. Nilicheza kwa hasira, na hasira ililifaa lile gita, likajaza banda mpaka mvua ya juu ya mabati ikawa kitu cha mbali. Njuguna aligeuka kabla sijamaliza.

"Ngai! Hii ndio ile mkebe? Basi nachukua hii." Kisha akaniona uso. "Kwani hii ni ya huyu msichana?"

"Ni yangu," nikasema.

"Basi mzee, wacha nichukue ile ya kwanza. Sitaki machozi ya mtu kwa nyumba yangu."

Mungu ambariki Njuguna. Mlango aliufungua yeye, mgeni. Baba yangu mzazi akaufunga.

"Hapana," akasema. "Umechagua na masikio. Hapa kitu ikichaguliwa hairudi."

"Alichagua ya kwanza!" nikapiga kelele.

"Hiyo alichagua kabla hajasikia."

Akalipangusa kwa shati lake. Akalibeba mwenyewe hadi kwenye pikapu ya Njuguna, akilishika juu ya kichwa ili matope yasilirukie.

Jioni, mama alimwekea chakula mbele kwa kishindo. "Maweu, umeuza kitu ya mtoto."

"Nitamtengenezea ingine."

"Na mbao gani?"

Akavuta sahani. Sote watatu tulijua piano lile lilikwisha. Kisha uso wake ukachangamka, kama mtu aliyekumbuka habari njema. "Lakini mlisikia vile alisema? Mlisikia?"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Baba yangu akisifiwa, huuza cha mwanawe. Nilimchukia usiku ule, na sijui hata leo kama nimeacha.

Aliniambia niende mtihanini na lile la kwanza. Sikwenda. Habari zenyewe zilienea bila mimi: Fundi Maweu ni mwaminifu hivi kwamba aliuza gita la binti yake kuliko kuvunja sheria yake. Kanisani walimtolea mfano. Wateja wakaongezeka, hata kutoka Namanga.

Mvua zilipokatika akaja mwalimu mmoja wa Kajiado, mama mpole, akaketishwa mbele ya ukuta. Magita matatu yakapangwa, yote mapya. Baba akaniita, nikaja, nikamwonyesha mkono wa kulia. Gita la nailoni huchezwa kwa kucha. Zangu nilikuwa nimezifuga kwa miezi, nikizilainisha kwa msasa wake mwembamba kabisa, na asubuhi ile nilikuwa nimezikata kwa wembe mpaka kwenye nyama.

Alitazama vidole vyangu kwa muda. Mwalimu alikuwa bado akingoja, ametugeuzia mgongo.

"Zitamea," baba akasema polepole.

Na kweli zinamea. Kila Jumamosi nazikata.