Kisogo cha Shangazi

"Unafumua nywele au unachuna mbuzi?" Shangazi aliuliza, uso ameuelekeza ukutani. "Mikono mizito kama ya mponda kokoto."

"Kichwa chenyewe kigumu kuliko hizo kokoto," Msusi alijibu, akaendelea kufumua.

Hivyo ndivyo walivyopendana tangu Shangazi alipomchukua kwa kaka yake, baba wa Msusi, aliyeshindwa kulea. Alimlea kwa ulimi. Katika nyumba ile sifa zilikuwa za wageni na za wapumbavu. Ukiambiwa umependeza, ulikwenda haraka kwenye kioo kutazama umechafuka wapi.

Sasa mikono ya Shangazi, iliyoshonea nusu ya mji sare za shule, ilikuwa haiwezi kufunga kifungo. Sindano ilimchoma kidoleni asijue mpaka aone damu. Daktari alimweleza bila kuzunguka: mifupa ya shingo imeubana uti wa mgongo. Asipopasuliwa, miguu itafuata mikono. Akipasuliwa, huenda mikono ikarudi. Huenda pia akaamka hawezi kusogeza chochote kuanzia shingoni kushuka chini.

Shangazi alimsikiliza huku akitazama viatu vya daktari. "Utanipasua na viatu hivyo?" Alipoambiwa kuna vingine vya chumba cha upasuaji, akakubali.

Siku ya kupasuliwa muuguzi alitaka kisogo kinyolewe chote kabla ya adhuhuri. Msusi alikataa mtu mwingine kukigusa.

Ndipo akaja Baba Mdogo, mdogo wake Shangazi. Huyu alikuwa mtu wa kuingia wodini kwa ncha za vidole, kitambaa cha machozi mkononi na macho makavu. Tangu dada yake augue hakuwa amemletea hata glasi ya maji. Alimvuta Msusi hadi ukumbini.

"Mwanangu, leo si siku ya kujibizana. Kama una neno jema, mwambie sasa. Huwezi jua."

Msusi alimdharau Baba Mdogo tangu utotoni, na sababu alikuwa nazo. Lakini asubuhi ile alikuwa na hofu, ikamfanya asikilize hata ujinga. Alirudi, akawasha mashine, akanyoa upande mmoja wa kisogo taratibu mno. Kisha akainama, akasema kwa sauti asiyoitambua mwenyewe:

"Shangazi, nakushukuru kwa kunilea. Hakuna mama aliyekushinda."

Shangazi aligeuza mwili mzima, maana shingo ilikuwa haigeuki.

"Daktari kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Usinidanganye! Nakufa, siyo? Toka nikujue hujanisifu hata siku moja. Nipe nguo zangu. Siendi."

"Shangazi, tafadhali..."

"Si unaona! Na tafadhali juu yake!"

Pale mlangoni Baba Mdogo alikuwa amepata kazi ya kitambaa. "Mwacheni dada yangu," alilia. "Tumpeleke nyumbani akapumzike kwa amani."

Kwa amani! Amani ya kumlaza mtu chali atazame dari, mikono imekufa kwanza, kisha miguu, na Baba Mdogo awe anapita pita kuja kujifuta pua. Msusi alipandwa na hasira, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia mzima. Akazima mashine.

"Vizuri, vaa uende," alisema, akaanza kukunja waya. "Ila ujue nimenyoa upande mmoja tu. Huku kwingine misuko inaning'inia kama mikia ya panya. Kichwa cha mwoga mimi simalizi."

"Nani mwoga?"

"Kwani humu ndani nani anadai nguo zake? Na usidhani mimi nitakufunga vifungo. Nina wateja, tena wana adabu. Atakulisha huyu." Akamwonyesha Baba Mdogo kwa kidevu.

Shangazi alimtazama mdogo wake pamoja na kitambaa chake kilicholowa, kama anavyotazama mshono wa mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Huyu?" alisema. "Huyu hajui hata mdomo wake mwenyewe kuufunga. Washa hiyo mashine. Na mstari uwe mnyoofu, mle ndani kuna wanaume."

Msusi alinyoa. Tone likaangukia kwenye ngozi iliyokuwa imetoka kunyolewa.

"Unanidondoshea nini?"

"Maji ya mashine."

"Mashine haina maji, mjinga we."

"Nyamaza nisikukate."

Walipokuja kumchukua, aliyaponda kwa maneno magurudumu ya kitanda, akaiponda kofia waliyomvika, akamwambia msukumaji kwamba hata mkokoteni asingepewa. Msusi alikwenda naye sambamba mpaka mlango wa mwisho, akaambiwa hapo ndiyo basi. Alitaka kumshika mkono. Akakumbuka kwamba asingeusikia, akaushika vivyo hivyo.

Mlango ulifungwa. Ndani sauti ya Shangazi ilikuwa bado iko juu.

"Nihesabu mpaka kumi ndipo nilale? Mimi mtoto wa chekechea? Nimehesabu vifungo mimi kabla hujaz..."

Baba Mdogo alifungua mdomo aseme kitu. Msusi alimwinulia kiganja anyamaze, akasogeza sikio mlangoni, akangoja neno limaliziwe.