Sumaya Achagua Mkono

Sumaya alizaliwa na ngozi isiyotaka kuguswa. Ukimshika kwa pupa, lengelenge. Akivaa kiatu kigumu, lengelenge. Yalipopona yaliacha makovu, makovu yakavuta vidole, yakavikunja na kuvigandamanisha, hata alipotimiza miaka kumi na minane mikono yake yote miwili ilikuwa kama ngumi zilizovalishwa soksi. Ugonjwa wa ukoo, hauambukizi. Ulimi tu ndio haukukunjika.

Kilichomchoma kuliko malengelenge yote ni sahani. Siku ya Idi wanawake wa mtaa wao wa Buyenzi walizunguka sinia la pilau, wakipokonyana nyama kwa vicheko. Yeye alitengewa sahani yake pembeni, na kijiko kilichofungwa mkononi kwa kitambaa laini, na nyama iliyochambuliwa kama ya kitoto.

"Mi ni mugeni kwa mama yangu," alisema.

Mwaka ule wa vita na vikwazo, mpasuaji mmoja, Daktari Ildephonse, akasema anaweza kuvitenganisha vidole. Ila mipaka ilikuwa imefungwa, na zile bandeji zisizogandia ngozi zilitosha mkono mmoja tu. Akaitazama mikono, akaigeuza taratibu.

"Tutafanya wa kushoto. Makovu yake ni laini, utapata vidole vyote. Huu wa kulia umekaza. Labda gumba na viwili."

"Wa kulia," Sumaya alisema.

"Mutoto wangu, sikia..."

"Apana, daktari, sikia we. Kwetu mutu hatii mukono wa kushoto mu sinia. Ukinipa vidole vitano vya kushoto, nitakaa pembeni navyo vyote vitano."

Mama yake, Mwantum, alitaka kumfinya anyamaze. Akaikumbuka ile ngozi, akajifinya mwenyewe.

Daktari akachukua kalamu aandike. Sumaya akakodoa macho.

"Kumbe we ni wa kushoto."

"Tangu nizaliwe. Kuna ubaya?"

"Ya kupasulia, apana. Ya kulia chakula ndiyo shida."

"Kwa hiyo mi nikikula, shetani anakula na mi?"

"Umuulize mwenyewe, si munakutana ku sahani?"

Daktari alicheka hadi kalamu ikamponyoka. Kisha akatulia. "Wa kulia, basi. Lakini ujue, vidole hivi vinapenda kurudiana. Kila usiku utavaa kibao cha kuvinyoosha. Na hata ukivaa, iko siku vitajifunga tena."

"Siku hiyo tutagombana tena."

Akapasuliwa. Kinyago cha usingizi kilipakwa vaselini kisimchubue uso, plasta ya kunata haikumgusa popote, na ngozi ya kuziba mapengo ikakatwa pajani. Bandeji zilipotolewa vikaonekana gumba, cha shahada na cha kati, vyembamba, vyekundu, kila kimoja kivyake. Viwili vya mwisho vilibaki vimekumbatiana. Sumaya akaviita bwana na bibi harusi.

Idi ikafika. Pilau liliwahishwa mchana, wageni wapate kurudi kabla ya saa ya kutotoka nje. Sumaya akanawa, akakaa kwenye sinia. Akachota pilau, nusu ikamwagika, nusu ikafika. Mbele yake palikuwa na kipande cha nyama laini, kinang'aa kwa mafuta. Akanyoosha mkono.

Saliha, binti wa shangazi yake, akakiwahi.

"Saliha, mwachie," Mwantum akasema. "Ana mukono mugonjwa."

"Mugonjwa wapi? Vidole si hivyo? Akamate."

Moyo wa Sumaya ukaruka kwa furaha. Miaka yote hakuna aliyewahi kumpokonya kitu. Akakibana kipande upande wa pili kwa gumba na wenzake wawili, akavuta. Saliha akavuta. Nyama ikachanika katikati, na upande wenye mafuta ukamfuata Sumaya.

"Mama," akasema, mdomo umejaa, "usituamue."

Mwantum hakuwa tena na nia hiyo. Wakati wale wawili wakivutana, yeye alikuwa ameshauona mfupa wenye uboho, umekaa pale bila mwenyewe.