Kulipunguza Koti la Hilari

Hilari alikuwa mvuta kamba wa pantoni pale Kivukoni, mtu mwenye mabega ambayo wenzake waliyaonea wivu. Mwaka 1946 alirudi kutoka vitani na koti la ngozi, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemwona kanisani siku ya Pasaka bila koti hilo, hata jua liwe kali namna gani. Kisha ini likaanza kumsumbua, akaacha kazi.

Wiki moja kabla ya ndoa ya binti yao Stefania, alimwomba mkewe Konsolata alitoe koti sandukuni. Masika yalikuwa yameliotesha ukungu mweupe kwapani na kwenye ukosi. Konsolata alilikung'uta uani, akalifuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, akalianika kivulini ili jua lisilikakamaze. Lilipokauka akalisugua kwa mafuta ya nyonyo mpaka likalainika.

Hilari akalijaribu. Mabega yalining'inia, mikono ikamfunika vidole.

"Litanienea," alisema. "Nikila vizuri wiki hii litanienea. Usilipunguze."

Konsolata akalikunja koti. Wiki tatu nyuma daktari alimwita pembeni akamwambia mumewe hatapona, naye alikuwa hajamwambia mtu. Nguo ya kitambaa ukikosea unafumua, unaanza upya. Ngozi ikishatobolewa, tundu linabaki. Akilikata koti hili, ni sawa na kumwambia.

Asubuhi iliyofuata alikaa barazani, akachora mstari wa chaki ubavuni mwa koti. Hilari akatoka ndani akishika ukuta, akauona.

"Mama Stefania, daktari alikuambia nini?"

"Alisema upumzike."

"Nakuuliza tena."

Akamwambia yote, hata lile la kwamba pengine Noeli haitamkuta.

Hilari aliketi mkekani. Akatazama kuku waliokuwa wakidonoa pumba. Kisha akashika pindo la koti, akalivuta likanyooka.

"Kata," akasema. "Mfuko wa ndani uuache."

Konsolata alikata kwa wembe, akatoboa kwa msumari, akashona kwa uzi aliousugua nta. Mshono mmoja ukapinda. Hilari aliishikilia ngozi mpaka vidole vikachoka.

Jumamosi alimsindikiza Stefania hadi altareni bila kushikwa. Watu wakasema amepata nafuu. "Tunamshukuru Mungu," Konsolata akawaitikia.

Wakati wa kurudi alimpakia mumewe kwenye baiskeli, akawa anaisukuma. Walipobaki wawili tu kati ya mashamba ya mpunga, Hilari akasema, "Wiki tatu ulinipikia uji, ukanitazama nikinywa, na kumbe unajua."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Lakini siku zile zilikuwa zangu."

Tairi la mbele likazama topeni. Konsolata akainama akasukuma, Hilari akiwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili.