Mikono Iliyotangulia

Kengele ya chakula ilipolia, mfunga sabuni alikaa kwenye kreti lililopinduliwa, akaegemeza simu kwenye chupa ya maji. Vigae vya mchezo vilianza kushuka kwenye kioo. Kila kimoja kilitakiwa kuguswa kinapofika mstarini, sawia na ngoma. Wimbo wa nne ulikuwa umemshinda wiki mbili nzima.

“Unavifukuza kwa macho,” alisema mama yake mdogo. Walifanya kazi meza moja, na yeye ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. “Sikiliza ngoma, mwanangu.”

Akasikiliza. Alianza polepole kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha kwa kasi yenyewe. Ijumaa hakukosa hata kigae kimoja. Mama mdogo alipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza nani anaolewa.

Jumatatu mikono yake ilianza kutangulia. Ilikunja karatasi kuzunguka sabuni ambayo haijafika. Sekunde mbili baadaye sabuni ikafika kwenye mkanda wa mashine, imeshafungwa. Mfunga sabuni aliitazama mikono yake, akaona ni yake kweli, akaendelea na kazi.

Msimamizi alisimama nyuma yake akiangalia saa. “Kumbe inawezekana,” alisema. Alasiri aliongeza kasi ya mkanda, meza zote.

Mama mdogo alijitahidi. Sabuni zilianguka, akainama kuziokota, nyingine zikampita.

“Mikono yangu inakuja pamoja na mimi,” alimwambia msimamizi.

Msimamizi alisema analielewa hilo. Alhamisi akamtaka arudishe aproni.

Mfunga sabuni alikwenda ofisini. “Rudisha kasi ya zamani, bosi. Kasi hii niliitoa kwenye mchezo wa simu tu.”

“Sasa wewe una shida gani? Mbona unafanya vizuri?”

Alitoka ofisini. Alimkuta mama mdogo getini, anabadilisha viatu.

“Mama mdogo, nimekufanyia nini?”

“Hata mimi sielewi. Nilifurahi ulipokiweza kile kiwimbo. Bado nafurahi.” Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. “Usichelewe kesho.”

Kesho yake pale mezani, mahali pa mama mdogo, alisimama dada mgeni, sabuni zikimwangukia miguuni.

“Dada, mwenzangu unafanyaje?” aliuliza.

Mfunga sabuni alitaka kumwambia asijifunze. Mikono yake ilikuwa imeshamwonyesha.