Punda wa Ukurasa wa Mwisho

Siku ya vitabu vipya ndiyo siku pekee ambayo mwalimu wa maktaba aliruhusu kelele. Mikeka ilitandikwa kutoka mlangoni mpaka chini ya dirisha, meza zikasukumwa ukutani, na watoto wa darasa la tatu wakaingia wakisukumana kana kwamba mvua imewafukuza huko nje. Maboksi yalikaa katikati ya chumba. Kila mwaka mambo yalikwenda hivyo hivyo: watoto wenyewe hufungua, hunusa kurasa, hupokezana vitabu mkono kwa mkono, kisha hupiga kura kuchagua kimoja kisomwe kwa sauti.

Asubuhi hiyo mwalimu mkuu alikuwa amemwita mwalimu wa maktaba ofisini.

"Dada, leo niachie mimi," alimwambia. "Wewe kaa nyuma, au nenda zako nyumbani ukapumzike. Hakuna atakayekulaumu."

"Nikifika nyumbani nitafanya nini?"

Mwalimu mkuu alipangapanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangika. "Basi nitakuwa karibu," alisema.

Ndani ya boksi moja kulikuwa na kitabu cha binti wa mwalimu wa maktaba.

Alikuwa mtoto wa pekee wa mwalimu na mumewe, na baba yake alimwita Kasuku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Moyo wake ulikuwa na hitilafu ya kuzaliwa nayo. Madaktari waliufanyia walichoweza, naye akakua, akasoma, akawa mchoraji. Mwaka wa mwisho alifanya kazi kitandani, ubao umelala mapajani, mito mitatu mgongoni, huku akimsimulia mama yake kila anachokichora kana kwamba mama haoni. Kitabu hicho kilikuwa cha kwanza ambacho maneno na picha vyote vilikuwa vyake mwenyewe. Alifika ukurasa wa mwisho, akaumaliza kwa penseli, akasema rangi atapaka kesho, leo mkono umechoka. Kesho yake hakuamka.

Mchapishaji alipiga simu wakati waombolezaji bado wamejaa uani. Aliongea kwa adabu na kwa kusitasita: je, wamtafute mchoraji mwingine amalizie ukurasa ule mmoja? Mama hakuweza kujibu, akampa mumewe simu. Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Uacheni ulivyo," akakata.

Kwa hiyo siku moja kabla ya siku ya vitabu, maboksi yalipoletwa, mwalimu alifungua lile lenye kitabu hicho akiwa peke yake, akazitazama nakala za kitabu kile bila kuzifunua, akazipanga chini kabisa, akarudishia vingine juu. Alijiambia kwamba watoto watachoka kabla hawajafika chini.

Watoto gani hao wa kuchoka. Mtoto waliyemwita Wakili, kwa jinsi alivyobishana na kila mtu kuhusu kila kitu, alipiga magoti mbele ya boksi, akatoa vitabu mpaka akabaki anakwaruza karatasi ngumu ya chini. Akainuka na kitabu chenye punda jaladani, punda aliyejifunga mdomo kwa skafu.

"Hiki," alisema. "Mwalimu, hiki."

"Tunapiga kura kwanza," mwalimu alisema. "Kuna kile cha mamba, kuna kile cha mapacha. Mmekiona cha mapacha?"

"Tumekiona," walijibu, na mikono yote ikaelekea kwa punda. Hata Kizibo, mfupi kuliko wote, ambaye tangu darasa la kwanza alipenda mambo ya magari tu, aliinua mikono miwili na kuambiwa ashushe mmoja.

Mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni, alianza kuja mbele. Mwalimu wa maktaba alimtikisia kichwa, akakaa kwenye kigoda chake, akavaa miwani, akafunua.

Ilikuwa hadithi ya punda anayeionea haya sauti yake. Anaapa kutolia tena maishani, anajifunga skafu, anajifunza kuongea kwa kunong'ona. Lakini mnong'ono wenyewe wa punda ni balaa: nguo zinang'oka kambani, vyungu vinapinduka, mzee mmoja anapoteza kofia na nywele zake za bandia kwa pamoja. Watoto walicheka mpaka Kizibo akalala chali mkekani. Walitaka ukurasa ule urudiwe, na ukarudiwa, nao wakacheka upya kama vile hawajauona. Mwalimu alisoma kwa sauti yake ya kila mwaka, akinguruma panapotakiwa kungurumwa.

Kisha akafika mwisho. Punda amepanda kilimani, skafu imetupwa, mdomo wazi, analia kwa nguvu zake zote, na bonde zima linamsikiliza. Picha ilikuwa ya penseli tupu. Kando ya sikio moja kulikuwa na mistari ya kufutwafutwa, mahali Kasuku alipobadilisha mawazo.

Mwalimu alifungua kinywa, sauti haikutoka. Wakili, aliyekuwa ameketi karibu zaidi, alisubiri kidogo, kisha akainama na kuisoma ile sentensi ya mwisho yeye mwenyewe, polepole, akifuata kwa kidole. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama picha.

"Mbona huku hawakupaka rangi?" Kizibo aliuliza.

"Wino uliisha," mmoja alisema.

"Wino wa kiwanda hauishi hivyo," Wakili alimkatalia. "Mwalimu, kwa nini?"

Angeweza kusema hajui. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kichwani, akairudisha.

"Aliyekichora alifariki kabla hajapaka," alisema. "Alikuwa binti yangu."

Wengine walimtazama mwalimu mkuu, kuona kama ni kweli. Yeye aliinamisha kichwa.

"Yule dada aliyekuwa anakuja kukuchukua jioni?" Wakili aliuliza. "Mwenye kucheka sana?"

"Huyo huyo."

"Kwa hiyo hakuna kitabu cha pili cha punda?"

"Hakuna."

Wakili alifikiri. Alikuwa na mkebe wa penseli za rangi, zawadi aliyoipenda kuliko kitu chochote. Aliutoa kwenye mkoba na kuuweka mkekani mbele ya mwalimu.

"Tunaweza kummalizia," alisema. "Tutapaka vizuri. Hatutatoka nje ya mistari."

Mwalimu aliusukuma mkebe taratibu, akamrudishia.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Asante. Tumwache hapo alipofika."

Kwa mara ya kwanza, Wakili hakubisha.

Baadaye watoto waliazima vitabu, na nakala zote za punda zikatoka. Mwalimu aligonga muhuri kila moja. Alipofika ya mwisho aliishikilia kupita kiasi, mpaka Kizibo akasema kwa upole, "Mwalimu, nitairudisha." Ndipo akaiachia.

Alifika nyumbani jua bado liko. Mumewe alikuwa uani, ameinamia gurudumu. Nakala waliyopewa na mchapishaji ilikuwa kabatini kwa wiki kadhaa. Mumewe hakuwahi kuigusa wala kuitaja. Mkewe aliketi kwenye ngazi na kuvua viatu.

"Walikisoma?" mumewe aliuliza bila kugeuka.

"Tumekisoma chote."

Gurudumu lilizunguka, likasimama.

"Walicheka?"

"Walicheka, baba. Mmoja alilala chini."

"Wapi? Walicheka wapi?"

Akamsimulia: nguo, vyungu, mzee na nywele zake. Mumewe alicheka, kicheko kifupi kilichokatika njiani, kisha akaweka spana chini na kuufunika uso kwa mikono yenye grisi. Mkewe alikwenda kukaa naye pale chini. Hakumwambia nyamaza. Yeye mwenyewe hakuwa amelia tangu mazishi, na sasa alilia, wakiegemeana mabegani, mpaka jirani aliyekuja kufuata baiskeli yake alipowaona kupitia lango na kurudi zake taratibu.

"Nisimulie tena," mumewe alisema alipoweza. "Anza mwanzo."